Nani Mwenye Dhamana ya Pombe? Uratibu wa Sera za Vilevi katika Mikoa ya Mbeya na Iringa

Kila mwaka mvua zinapoanza kunyesha katika Nyanda za Juu Kusini, machipukizi ya mianzi ya mkoa wa Iringa hukatwa ncha, na utomvu wake hukingwa kwa mbeta asubuhi na jioni. Utomvu huo una sukari, na kwa kuwa hamira ya asili imo hewani na ndani ya mbeta yenyewe, mchachuko huanza papo hapo. Ulanzi ukiwa bado mtamu wenyeji huuita mtogwa. Ukikaa siku moja au mbili ukawa mkali, huitwa mkangafu. Kule Mbeya kazi ni ndefu zaidi. Ulezi uliooteshwa ndio msingi wa kimpumu, na mahindi ndiyo msingi wa komoni, na hapana budi vimeng'enya vya nafaka iliyoota vivunje wanga kuwa sukari kabla hamira haijaanza kazi yake. Haya ni maarifa ya kale, nayo ni sayansi kamili hata kama mpikaji hajui jina la kimeng'enya hata kimoja.

Lakini swali linalostahili kuulizwa leo ni la kiutawala kuliko la kikemia. Mtu wa Mufindi au wa Rungwe anapoharibikiwa na pombe, akapoteza shamba, afya na familia, ni ofisi ipi ya Serikali inayopaswa kusema kwamba jambo hilo ni lake? Ofisi zinazohusika ni nyingi mno, na kwa sababu hiyo hasa hakuna hata moja inayowajibika.

Yafaa zitajwe. Halmashauri hutoa leseni za vilabu chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 ikaziweka ada za leseni hizo miongoni mwa mapato halali ya halmashauri. Mamlaka ya Mapato hukusanya ushuru wa bidhaa kwenye bia na pombe kali za viwandani. Shirika la Viwango, ambalo tangu mwaka 2019 limekabidhiwa pia usalama wa chakula, hukagua ubora wa kinywaji kilichofungashwa. Mkemia Mkuu wa Serikali hupima sampuli na kudhibiti kemikali, methanoli ikiwamo. Gongo, ambayo sheria ya mwaka 1966 iliipa jina la moshi na kuikataza kutengenezwa bila leseni, ni kazi ya Polisi. Wizara yenye dhamana ya viwanda hufurahia kuona kiwanda kikubwa cha bia jijini Mbeya, na Wizara ya Kilimo hufurahia soko la nafaka. Wizara ya Afya hupokea wagonjwa. Maafisa Ustawi wa Jamii hupokea watoto wa wagonjwa hao.

Haielekei kwamba kuna ofisi hata moja katika orodha hiyo inayokiuka wajibu wake. Kila moja hufanya lile ambalo sheria yake inaitaka ifanye. Kasoro imo katika mpangilio wenyewe: wale walioshika hatamu za biashara ya pombe hupata mapato kutokana na mauzo, na wale wanaobeba hasara yake hawana hatamu yoyote. Daktari wa wilaya anaweza kuona kwamba wagonjwa wa ini na majeruhi wa Jumamosi usiku wanaongezeka, lakini hana sauti pale kamati inapokaa kugawa leseni. Mweka hazina naye anaweza kuona kwamba makusanyo yamepanda, na hakuna anayempelekea hesabu ya wodi ili ailinganishe na ya kwake.

Hali ni tofauti kabisa kwa upande wa dawa za kulevya, na tofauti hiyo ndiyo inayofundisha. Mwaka 1995 Bunge lilipitisha sheria iliyounda Tume ya kuratibu udhibiti wa dawa hizo. Baada ya miaka 20 Tume ilionekana kuwa haina meno ya kutosha, na sheria mpya ya mwaka 2015 ikaweka mahali pake Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoanza kazi mwaka 2017 chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Yawezekana kubishana kuhusu namna Mamlaka hiyo inavyogawa nguvu zake kati ya kukamata na kutibu. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba mwananchi akitaka kujua nani anawajibika kwa heroini au bangi nchini, yupo mtu wa kumwuliza.

Na matunda yake yameonekana Mbeya. Matibabu ya uraibu wa heroini kwa methadoni yalianza Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, na mwaka 2017 yakafika katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Uamuzi wa kuyapeleka huko haukuwa wa bahati nasibu, kwani barabara kuu ya kwenda Zambia hupita hapo, na heroini hufuata njia za bidhaa kama bidhaa nyingine zote. Methadoni hushika vipokezi vile vile vya ubongo vinavyoshikwa na heroini, ila huingia taratibu na hukaa muda mrefu, hata dozi moja inywewayo mbele ya muuguzi hutosha kwa siku nzima. Mgonjwa hapati ulevi wa ghafla wala mateso ya kukosa, na hivyo hupata nafasi ya kufanya kazi na kulala nyumbani. Ili dawa hiyo moja imfikie mtu mmoja, hapana budi uagizaji, ulinzi wa ghala, Polisi, hospitali, famasia na vikundi vya kijamii vishikane mikono kila siku bila kukosa hata moja. Huo ndio uratibu kwa maana yake halisi, nao haukutokana na semina.

Sasa tazama upande wa pili. Sheria ya Mamlaka hiyo haikuipa madaraka juu ya biashara ya pombe. Kisheria, pombe si dawa ya kulevya, ingawa lugha yenyewe imeviweka vyote katika neno moja, vilevi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 2.6 duniani walikufa kwa sababu zinazotokana na pombe, na 600,000 kwa sababu zinazotokana na dawa za kulevya. Mwenye kugawa maofisa na fedha kwa kufuata wingi wa vifo asingeugawa kama ulivyogawanywa sasa.

Kuna jambo la kitabibu ambalo watunga sera aghalabu hawalifahamu, nalo lina uzito mkubwa katika mikoa hii miwili. Mtu aliyezoea heroini akiikosa ghafla huteseka sana, lakini ni nadra kufa kwa kuikosa huko. Mtu aliyezoea pombe kwa wingi na kwa miaka mingi, akiikosa ghafla, anaweza kufa. Sababu ni kwamba pombe huongeza nguvu ya mfumo wa ubongo unaotuliza mishipa ya fahamu na kufifisha ule unaoiamsha. Ubongo, katika kujilinda, hujirekebisha kwa kupunguza utulivu na kuongeza mwamko. Pombe ikiondolewa kwa siku moja, mwamko hubaki peke yake bila kizuizi. Mikono hutetemeka na jasho hutoka, kisha huweza kufuata degedege, na baada ya siku mbili au tatu kuchanganyikiwa kukubwa, mgonjwa akiona wadudu ukutani na asijue yuko wapi. Ndugu huweza kudhani amerogwa, au kwamba ni malaria iliyopanda kichwani.

Dawa za hali hiyo ni za kawaida na za bei nafuu: diazepamu kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, na vitamini B1 ya sindano ili ubongo usidhurike. Hazihitaji ghala lenye ulinzi wa methadoni wala mafunzo ya miaka. Kwa hiyo heroini, yenye tiba ngumu, imepata kliniki yake Mbeya, ilhali pombe, yenye tiba rahisi zaidi katika hatua yake ya kwanza, haina mpango wa namna hiyo wilayani. Tofauti hiyo haikutokana na ugumu wa sayansi. Heroini ina mwenyewe serikalini, pombe haina.

Na Polisi wanapofanya msako, wakafunga vilabu vya gongo katika kata nzima kwa usiku mmoja, hakuna utaratibu unaowataka wampigie simu mganga wa kituo cha afya kumwambia kwamba kesho na keshokutwa atapokea watu wanaotetemeka. Msako huo ni halali. Lakini matokeo yake ya kitabibu yanajulikana tangu zamani, na simu moja haina gharama.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa utawala wa mikono mingi ni ule wa viroba. Pombe kali iliyofungwa katika vifuko vidogo vya plastiki ilikuwa ikiuzwa kwa bei ambayo mwanafunzi au mpiga debe aliimudu, na ilifichika mfukoni. Katazo lilianza tarehe 1 Machi 2017, nalo lilistahili kupongezwa. Hata hivyo, msomaji atakumbuka kwamba katazo hilo lilitangazwa kwa kutumia sheria ya mazingira, kupitia waziri aliyehusika na Muungano na Mazingira. Yaani kilichokatazwa kisheria kilikuwa kifungashio. Kinywaji kilichomo ndani hakikuguswa, na baada ya muda kikaonekana tena madukani katika chupa ndogo. Serikali ilitaka kulinda afya ya vijana, na chombo kilichokuwa karibu kilikuwa kile cha kuzuia takataka za plastiki. Ilikitumia kwa ustadi, lakini fundi anayepigilia misumari kwa koleo hutuonyesha kwamba nyumbani hakuna nyundo.

Zaidi ya hayo, Zambia ilikuwa imekwisha kupiga marufuku vifuko vya namna hiyo, vilivyojulikana huko kama tujilijili, tangu Aprili 2012. Tunduma, ambayo hadi mwaka 2016 ilikuwa katika mkoa wa Mbeya, na Nakonde iliyo upande wa Zambia, ni miji ambayo mtu huvuka kutoka mmoja hadi mwingine kwa miguu. Kwa karibu miaka mitano bidhaa ile ile ilikuwa marufuku upande mmoja wa mstari na halali upande wa pili. Maafisa wa forodha na wa afya wa pande mbili walikuwepo muda wote huo, lakini kwa upande wetu hapakuwa na ofisi ambayo kazi yake ilikuwa kuona kwamba pana tatizo.

Kwa mikoa hii suala la pombe haliwezi kutenganishwa na UKIMWI. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023, maambukizi ya Virusi vya UKIMWI miongoni mwa watu wazima yalikuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, ambapo wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Njombe, msomaji akumbuke, ilikuwa sehemu ya Iringa hadi mwaka 2012. Mwaka 2000 watafiti walipoanza kuwafuatilia wanawake 600 waliokuwa wakifanya kazi katika baa za mkoa wa Mbeya, walikuta takriban asilimia 68 kati yao wana maambukizi. Baa nyingi za aina hiyo ziko kando ya barabara kuu, mahali malori yanapolala. Zilipewa leseni na halmashauri. Hakuna kosa katika leseni hizo. Ila ni vigumu kufahamu kwa nini leseni ya baa itolewe kwa kuangalia choo na mlango wa dharura tu, bila kumuuliza mwenye baa kama wahudumu wake wanalipwa ujira unaowawezesha kuishi pasipo kutegemea wateja. Kadhalika dawa ya kuzuia kifua kikuu, isoniazidi, ambayo hupewa watu wengi wanaoishi na Virusi vya UKIMWI, inaweza kudhuru ini, na hatari hiyo huongezeka kwa mnywaji. Muuguzi anaijua hatari hiyo. Anachokosa ni mahali pa kumpeleka mgonjwa anayekiri kwamba hawezi kuacha.

Wapo watakaosema kwamba kuigusa pombe ni kugusa riziki ya mwanamke. Hoja hiyo ni nzito, wala haipaswi kujibiwa kwa mahubiri. Mapato ya komoni na ulanzi yamesomesha watoto wengi katika mikoa hii, na mama mpika pombe ni mzalishaji kama mkulima wa viazi. Lakini ni mzalishaji asiyelindwa na mtu. Leo analipishwa, kesho anafungiwa, na hakuna afisa ugani anayemfundisha namna ya kupima ukali wa anachouza au kukihifadhi kisioze. Mwanzi unaokatwa chipukizi kwa ajili ya ulanzi haukui kuwa nguzo. Kwa hiyo hata idara ya misitu ina neno la kusema juu ya mapato hayo, na ya mbao za mianzi yangeweza kuwa mazuri vile vile. Sera inayomwona mama huyu kama mhalifu au kama chanzo cha ushuru tu haijamwona.

Wengine hurudia usemi kwamba zamani mambo yalikuwa sawa, kwani wazee pekee ndio waliokunywa. Monica Wilson, aliyefanya utafiti pamoja na mumewe Godfrey kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938, aliandika kwa kirefu juu ya thamani ya kuketi pamoja na kushirikiana chakula na pombe. Lakini mwanahistoria Justin Willis, aliyeichunguza Rungwe miongoni mwa sehemu nyingine katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu historia ya pombe katika Afrika ya Mashariki, anaonyesha kwamba habari za wazee pekee kunywa zimekuwa pia silaha ya mabishano: kila kizazi chenye mamlaka huzitumia kuwakemea vijana na wanawake. Haifai kujenga sera juu ya kumbukumbu ya namna hiyo.

Je, yatosha basi kuiunganisha pombe na dawa za kulevya chini ya chombo kimoja? Kenya imefanya hivyo. Ilipitisha sheria ya kudhibiti vileo mwaka 2010, na mwaka 2012 ikakipa chombo chake cha NACADA nguvu ya kisheria juu ya pombe na dawa za kulevya kwa pamoja. Hata hivyo, Februari 2024 watu walikufa Kirinyaga kwa kunywa pombe yenye sumu, na ikaelezwa wakati huo kwamba kinywaji chenyewe kilikwisha kukamatwa na kuhifadhiwa kama kielelezo kabla ya kurudi kwa wanywaji. Chombo cha taifa kinaweza kuwa na jina zuri na ofisi nzuri, na bado mlango wa stoo ya wilaya ukawa wazi.

Ndiyo maana mfano bora zaidi uko hapa hapa nchini. Tume ya Kudhibiti UKIMWI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, haiendeshi hospitali wala shule wala Polisi. Kazi yake ni kuratibu, na chini yake zimo kamati za halmashauri, za kata na za vijiji ambamo mganga, mwalimu, diwani, kiongozi wa dini na mtu anayeishi na virusi hukaa meza moja. Kamati hizo zina udhaifu wake, na nyingine hukutana pale tu posho inapokuwepo. Lakini mikoa ya Mbeya na Iringa imezizoea kuliko mikoa mingi, na wajumbe wake wanajua tayari kwamba nusu ya wanachojadili huanzia kilabuni.

Pendekezo basi ni kwamba pombe iingizwe rasmi katika kazi za kamati hizo, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu ambako Mamlaka ya dawa za kulevya iko tayari, na kwamba leseni yoyote ya kilabu au baa isitolewe bila maoni ya maandishi ya mganga mkuu wa wilaya. Sehemu ya ada za leseni ibaki kwa matibabu ya waraibu wa pombe katika hospitali ya wilaya ile ile, iandikwe katika bajeti kwa jina lake, isije ikamezwa na matumizi mengineyo. Tumbaku nayo isiachwe nje. Wilaya ya Chunya huilima, Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa kuidhibiti mwaka 2007, na mambo hayo mawili hayajawahi kukutanishwa ipasavyo. Lakini hilo lahitaji makala yake.

Kamati ikishaundwa isianze kwa kupiga marufuku. Ianze kwa kuhesabu. Ushuru wa bidhaa huhesabu chupa ya kiwandani, na hivyo Dodoma huona pombe inayolipa kodi tu, ilhali sehemu kubwa ya inayonywewa Kilolo au Rungwe haiandikwi popote. Wilaya mbili zingetosha kwa jaribio, moja ya kila mkoa, kwa msimu mmoja wa ulanzi kuanzia Desemba hadi Mei: vilabu ni vingapi, vinauza lita ngapi kwa wiki, ukali wake ni asilimia ngapi katika siku ya kwanza na ya tatu, watoto wangapi hupewa mtogwa, na waliolazwa kwa kutetemeka, kuvunjika au kupigwa ni wangapi. Vifaa vya kupimia ukali vipo katika maabara za vyuo vikuu vya Mbeya na Iringa, na wanafunzi wa kuvibeba hadi vijijini wapo.